Namba ya Kwenye Boksi na Unga wa Kwenye Kibao: Hotuba Kuhusu Kupima Glasi-ayonoma Maabara

Waalimu wetu, madaktari wa kinywa na meno, mafundi sanifu wa maabara, nanyi wanafunzi mliojibana huko nyuma, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni utafiti wa maabara kuhusu vifaa vya kutibia meno. Hiyo inaweza kujaza wiki nzima, kuanzia amalgamu, ule mchanganyiko wa zebaki na metali nyingine wa kuzibia meno, hadi vipandikizi vya titani, kwa hiyo nitashika kitu kimoja tu: glasi-ayonoma, ile saruji nyeupe ya unga na majimaji ambayo kila mmoja wenu ataichanganya kwa mkono wake kabla hata hajapata cheti.

Hoja yangu ni hii. Namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi ni ya kweli, lakini ni ya saruji iliyopimwa kwa mizani na kuchanganywa katika chumba chenye nyuzijoto 23 na unyevu wa asilimia 50. Zahanati ya pwani mwezi wa pili haina hewa ya namna hiyo. Tukirudia vipimo vilevile kwa masharti yaleyale, tutathibitisha tu kile ambacho mtengenezaji alishakithibitisha, tena kwa mashine nzuri kuliko zetu. Maabara zetu zinatakiwa kupima saruji ile inayoingia mdomoni mwa mgonjwa.

Saruji hii ilitoka katika maabara ya mkemia wa serikali jijini London, ambako Alan Wilson na Brian Kent waliibuni mwaka 1969 na kuwatangazia madaktari wa meno mwaka 1972. Sisi nasi tuna sehemu yetu katika historia yake. Katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, Jo Frencken na wenzake walijaribu kutibu meno yaliyooza pasipo umeme wala mashine ya kutobolea: unakwangua sehemu iliyolainika kwa kijiko cha mkono, kisha unaziba kwa saruji inayoshika jino yenyewe. Mwanzoni walitumia saruji ya polikaboksileti, glasi-ayonoma ikaja baadaye. Njia hiyo leo inaitwa ART (Atraumatic Restorative Treatment, yaani kuziba jino pasipo kulijeruhi), na Shirika la Afya Duniani liliizindua Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Mwaka 2021 glasi-ayonoma ikaingia katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo, pamoja na dawa ya mswaki yenye floraidi na ile dawa ya madini ya fedha na floraidi ya kusimamisha uozo, tunayoiita SDF.

Halafu kuna Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki. Karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki, na nchi zilizoridhia mkataba zinatakiwa kuipunguza, zikianza na watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha. Maana yake ni kwamba saruji hii inabebeshwa kazi ambayo zamani ilifanywa na chuma. Ndiyo maana tunahitaji kujua inavunjika wapi na kwa nini.

Tuanze na jinsi inavyoganda, kwa sababu makosa karibu yote yanazaliwa hapo. Unga ni glasi iliyosagwa yenye alumini, silika, floraidi na kalsiamu, au strontiamu badala ya kalsiamu. Majimaji ni asidi ya poliakriliki na maji, na kwa kawaida huongezwa asidi ya tatariki ili kukupa muda wa kufanya kazi kabla saruji haijakaza. Asidi inalamba uso wa chembe za glasi, chembe zinaachia madini, na madini hayo yanafunga minyororo ya asidi. Kalsiamu inatangulia: katika dakika chache za mwanzo saruji inakuwa ngumu kiasi cha kuchongeka. Alumini inafuata polepole kwa saa 24 na zaidi, nayo ndiyo inayoleta nguvu yenyewe. Katikati ya hatua hizo mbili saruji ina adui wawili wanaovuta pande tofauti. Mate au maji yakiifikia mapema, yanaondoka na madini ambayo bado hayajafungwa, na uso unabaki kama chaki. Ikikauka, maji yaliyo ndani yake yanapotea na inapasuka mipasuko ambayo utaiona vizuri chini ya hadubini. Ndiyo maana mnaambiwa mpake vaselini juu ya saruji na kumwambia mgonjwa asile chochote kwa saa moja.

Sasa twende kwenye kipimo chenyewe, kile cha nguvu ya kuhimili kubanwa, ambacho kiwango cha kimataifa cha ISO 9917-1 kinakitaka. Unatengeneza vipande vya mviringo vyenye kipenyo cha milimita 4 na urefu wa milimita 6 ndani ya kalibu ya chuma iliyopakwa kitu cha kuzuia kunata. Unajaza kupita kiasi kidogo, unafunika pande mbili kwa bamba, unabana, kisha unaweka kwenye inkubeta yenye nyuzi 37 na unyevu usiopungua asilimia 90 kwa saa moja. Baada ya hapo unasaga ncha zote mbili kwa msasa namba 400 uliolowa maji mpaka ziwe bapa, unatoa kipande, unakitumbukiza katika maji ya nyuzi 37 mpaka zitimie saa 24. Halafu unakibana kwenye mashine mpaka kivunjike.

Kwa saruji ya kuzibia, kiwango cha chini ni megapaskali 100, yaani nyutoni 100 kwa kila milimita ya mraba. Piga hesabu uione: kipenyo cha milimita 4 kinatoa eneo la milimita za mraba 12.57, kwa hiyo kipande hicho kidogo lazima kihimili nyutoni 1,257, yaani uzito wa kama kilo 128. Ukikosea kipenyo kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, umekosea eneo kwa asilimia 5, na jibu lako limekosea vilevile. Pima kipenyo cha kila kipande kwa maikromita, pande mbili zinazokatana. Usichukue kipenyo cha kalibu ukakiandika kwenye vipande vyote. Kalibu ya chuma inalika kwa matumizi.

Ncha zisizo sambamba ndizo zinazoharibu vipimo vingi zaidi. Kipande kikikaa upande, mashine inakigusa kwenye ukingo mmoja tu, kinamenyeka badala ya kupasuka, na unapata megapaskali 60 kwa saruji ambayo haina tatizo lolote. Mwanafunzi akiniletea matokeo, kabla ya grafu naomba kwanza kuona vipande vilivyovunjika. Kipande kilichobanwa sawasawa hupasuka kwa mistari ya wima au huacha koni. Kilichomegeka kona moja tu, hicho kimepima msasa wako.

Kisha kuna mapovu. Saruji iliyochanganywa kwa mkono ina mapovu, hakuna mkono usioyatia. Povu la kipenyo cha milimita 1 katikati ya kipande linapunguza eneo kwa asilimia 6 tu, lakini madhara yake yanazidi hapo, kwa sababu mkazo unajikusanya pembeni mwa povu na ufa unaanzia hapo. Ndiyo maana vipande vitano vya mchanganyiko mmoja vinaweza kutofautiana vibaya. Kwa saruji dhaifu ya kuvunjika kama hii, wastani peke yake unaficha mambo. Tengeneza vipande 15 au zaidi, toa mtawanyiko, na kipande kilichoshuka sana usikitupe kimyakimya: kiangalie kwenye hadubini, andika kilichoonekana. Kile dhaifu kuliko vyote ndicho kinachofanana na jino litakalorudi kliniki baada ya miezi mitatu.

Uwiano wa unga na majimaji ni jambo ambalo wengi mnalidharau. Saruji nzito za kuzibia zinazochanganywa kwa mkono zinataka kama gramu 3.6 za unga kwa gramu 1 ya majimaji, na mtengenezaji anaifasiri kwa kijiko kimoja sawa na tone moja. Lakini tone ni nini? Chupa ikishikwa wima kabisa, tone lina ukubwa wake. Ikishikwa upande, ukubwa unabadilika. Tone la kwanza mara nyingi lina povu la hewa, kwa hiyo ni dogo kuliko linavyoonekana. Tone likizidi kwa sehemu moja ya tano, uwiano unashuka kutoka 3.6 hadi 3. Mchanganyiko unakuwa mwororo, unachanganyika kwa raha na kupakika vizuri, na mchanganyaji anaupenda. Nguvu imeshuka, uchakavu umeongezeka, na muda wa kuganda umerefuka. Upande wa pili, unga ukizidi, chembe zinakosa asidi ya kuzilowesha, mchanganyiko unakauka kabla hujafika mdomoni na haushiki jino.

Utaratibu sahihi haugharimu kitu. Tikisa chupa ya unga ili uliogandamana uachane, chota kijiko, futa kwa ukingo wa chupa pasipo kugandamiza. Laza chupa ya majimaji kwanza ili majimaji yaingie kwenye mdomo, isimamishe wima mdomo ukiwa chini, tone la kwanza lenye povu liweke kando, la pili ndilo la kutumia. Gawanya unga mara mbili, changanya nusu ya kwanza mpaka ilowe, ongeza ya pili, na umalize ndani ya sekunde 25 hadi 30. Uso wa mchanganyiko lazima ung'ae unapoutia kwenye tundu. Mng'ao huo unaonyesha kwamba asidi huru bado ipo, na asidi hiyo ndiyo itakayoshikana na kalsiamu ya jino. Ukizimika, tupa, changanya upya, hata kama nesi anakutazama kwa jicho la bajeti.

Kwa utafiti, kipimo kizuri kinachoweza kufanyika hapahapa ni hiki: mpe mchanganyaji wa kawaida chupa na kijiko, mwache achote na kudondosha, kisha kabla hajachanganya pima kwa mizani ya kiwango cha milligramu unga peke yake na majimaji peke yake. Fanya hivyo mara nyingi kwa watu wengi. Hapo utapata uwiano halisi wa kliniki, na vipande vya mashine uvitengeneze kwa uwiano huo pia, kando ya ule wa mtengenezaji.

Joto nalo linataka maelezo. Mmenyuko wa asidi na glasi unakimbia kadiri chumba kinavyopanda joto, kwa hiyo kwenye nyuzi 31 muda wa kufanya kazi unapungua waziwazi. Watu wanasema: weka kibao cha kioo kwenye friji. Ushauri huo unafaa London. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande unaanza kwenye nyuzi kama 26. Kibao kilichotoka friji kwa nyuzi 5 kitatoa jasho kama chupa ya soda baridi mezani, na maji hayo yanaingia kwenye mchanganyiko wako bila kupimwa. Kwenye chumba chenye kiyoyozi, nyuzi 23 na unyevu asilimia 50, umande unasubiri mpaka nyuzi 12 hivi, kwa hiyo kibao cha nyuzi 15 ni salama. Chumba kisicho na kiyoyozi, tumia karatasi za kuchanganyia, fanya haraka, na changanya kidogo kidogo. Majimaji yenyewe usiyaweke friji: yanakuwa mazito na tone linabadilika. Mfuniko wa unga urudishwe papo hapo.

Vidonge vilivyofungwa tayari, vyenye unga na majimaji yaliyokwisha kupimwa, vinaondoa makosa ya uwiano, lakini vinahitaji umeme, mashine ya kuvitikisa, na bei yake ni nyingine.

Nguvu ya kushika jino inapimwa kwa meno yaliyong'olewa, na hapa usafi wa kazi unaanza kabla ya mashine. Meno yapatikane kwa ridhaa ya mgonjwa na kibali cha kamati ya maadili. Yakishaoshwa, yahifadhiwe kwenye kloramini-T ya asilimia 0.5 kwa muda usiozidi wiki moja, kisha kwenye maji yaliyokenekwa (distilled), kwenye friji ya nyuzi 4, na yatumike ndani ya miezi sita. Spiriti na fomalini zinabadilisha protini za dentini, ile sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, na jino lililoachwa likauke kwenye dirisha halifai tena kwa kipimo hiki. Kata kwa msumeno wa almasi unaokwenda polepole chini ya maji, lainisha uso kwa msasa namba 600 ili vumbi linalobaki lifanane kwa meno yote, paka asidi ya poliakriliki ya asilimia 10 kwa sekunde 10 hadi 20, osha, na ondoa maji kwa kipamba. Usipulize hewa mpaka dentini iwe nyeupe.

Nyote mnaochukua meno kutoka Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, andikeni jino limetoka wapi. Enameli, lile tabaka gumu la juu ya jino, iliyokulia kwenye maji yenye floraidi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ni kikomo cha Shirika la Afya Duniani, haichubuki kwa asidi kama enameli nyingine. Ukiichanganya na meno ya Tanga katika kundi moja, tofauti utakayoiona ni ya maji, wala haihusiani na saruji.

Ukishaiweka saruji na kuivuta au kuisukuma mpaka iachane na jino, tazama mahali palipoachana. Glasi-ayonoma mara nyingi huvunjika ndani yake yenyewe na kuacha tabaka jembamba kwenye jino. Ikiwa hivyo, megapaskali chache ulizoziandika ni nguvu ya saruji. Mshiko wenyewe haukufikiwa. Ripoti nyingi zinalinganisha namba hiyo na ya kompositi, ile resini ya kuzibia meno, halafu zinasema glasi-ayonoma haishiki. Hapo mwandishi amepima kitu kimoja akatoa hukumu ya kingine.

Kwa upande wa kuzuia jino lisioze tena, kipimo cha kawaida ni kulitumbukiza jino kwa zamu kwenye majimaji ya kulila na ya kulirudishia madini. Ya kulila, lita moja: kalsiamu milimoli 2.2, fosfeti milimoli 2.2, asidi ya asetiki milimoli 50, ukali wa pH 4.4. Ya kurudishia: kalsiamu 1.5, fosfeti 0.9, kloridi ya potasiamu 150, pH 7. Kosa linalojirudia ni chupa ya kloridi ya kalsiamu. Yenye maji mawili ndani ya fuwele unapima gramu 0.323 kwa lita. Isiyo na maji unapima gramu 0.244. Ukipima 0.323 kutoka chupa isiyo na maji, umeweka karibu theluthi moja ya ziada, majimaji yanakaribia kushiba kalsiamu, jino haliliwi inavyotakiwa, na unashangilia saruji iliyolinda jino ambalo halikushambuliwa. Soma lebo. Na kundi la meno yasiyo na saruji yoyote liwepo daima, likuonyeshe kwamba shambulio limefanyika.

Floraidi inayotoka inapimwa kwa elektrodi, na lazima uongeze bafa ya TISAB, majimaji ya kutuliza pH na kuiachilia floraidi iliyoshikwa, nusu kwa nusu ikiwa ni ile namba II. Glasi hii inatoa alumini, na alumini inaikumbatia floraidi isionekane na elektrodi. Bila bafa utasoma pungufu. Toa jibu kwa mikrogramu kwa kila sentimita ya mraba ya uso, siku kwa siku, kwa sababu siku mbili za kwanza zinamwaga nyingi na baada ya hapo inashuka sana. Jumla ya wiki nzima iliyotolewa kwa namba moja haimfai mtu yeyote.

SDF nitaigusa tu: inasimamisha uozo na inalitia jino weusi usiotoka. Ukitaka kuipima pamoja na glasi-ayonoma, andika muda uliopita kati ya kuipaka na kuziba, na kama uliosha katikati.

Nirudi kwenye nguvu. Tathmini iliyojumlisha tafiti nyingi za ART, iliyotoka mwaka 2018, ilionyesha kwamba kwa magego ya utotoni, matundu ya uso mmoja yaliyobaki salama baada ya miaka miwili yalikuwa asilimia 94, lakini yale yanayopita kati ya jino na jino yalikuwa asilimia 65. Saruji ileile, mikono ileile. Kinachobadilika ni umbo. Tundu la uso mmoja lina kuta pande zote, saruji inabanwa tu, na kwa kubanwa ina nguvu. Tundu la kati ya meno lina upande ulio wazi: meno yanapotafuna saruji inapindwa kwenye shingo, pale inapokuwa nyembamba, na kwa kupindwa saruji hii ni dhaifu. Kompositi ya kuzibia magego inatakiwa ifikie megapaskali 80 kwa kupindwa. Glasi-ayonoma za kawaida zinabaki chini sana ya hapo. Kwa maoni yangu, anayepima kubanwa peke yake halafu anaipendekeza saruji kwa matundu ya kati ya meno amejibu swali ambalo halikuulizwa. Pimeni kupindwa, na pimeni kurudiarudia kwa mzigo mdogo, maana gego halivunjwi na tonge moja.

Kwa madaktari wa kliniki nina ombi moja. Saruji ikirudi imevunjika, msiitupe kwenye ndoo. Kipande kiwekwe kwenye kichupa chenye maji safi, kisikaushwe, na kwenye lebo ya kichupa ziandikwe namba ya toleo la unga na ya majimaji, tarehe ya kuziba, tundu lilikuwa la nyuso ngapi, joto la chumba siku ile kama kipimajoto kipo, na kama ilichanganywa kwa mkono au kidonge. Majina ya wagonjwa hatuyahitaji. Tukiukata uso wa mvunjiko na kuuweka chini ya hadubini, tunaweza kuona ufa ulianzia kwenye povu, kwenye unga ambao haukulowa, au pale shingoni ambako hata mchanganyiko mzuri ungeshindwa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Maswali tuanze na wale wa nyuma.